Maldives mwezi wa Agosti: jibu kwa wapiga mbizi wawili wa Mombasa

Swali: "Mimi na mume wangu ni wakazi wa Mombasa. Tulijifunza kupiga mbizi Diani tukapata cheti cha kwanza, na tangu hapo tumezama mara chache, jumla hazifiki ishirini. Tumepanga kwenda Maldives wiki moja mwezi wa Agosti, shule zikifungwa. Watoto watabaki kwa bibi yao. Mume wangu amependa hoteli moja iliyo peke yake kisiwani, huko atoli za kusini kabisa, na tangazo lao linasifu milango yenye papa wengi. Mimi nilikuwa na pumu utotoni, na mikondo inanitia hofu. Je, inafaa twende mbali kiasi hicho? Na tuulize nini kabla ya kulipa?"

Dada, nendeni. Agosti si mwezi mbaya kama watu wanavyosema, na wapiga mbizi wapya wanaweza kufaidi Maldives kuliko wanavyodhani. Ila kisiwa kile kiacheni kwa sasa, badilisheni atoli. Hoteli ile huenda ni nzuri sana. Ninachowakataza ni yale maji ya milangoni, kwa sababu cheti mlicho nacho hakiwaruhusu kufika pale papa walipo, na mkondo unaouogopa ndio unaowaleta papa hao. Hofu yako imeona sawasawa.

Nianze na umbo la mahali penyewe. Atoli ni pete ya matumbawe iliyobaki juu baada ya kisiwa cha volkano kilichokuwa katikati yake kudidimia polepole, huku matumbawe yakiendelea kujijenga kuelekea kwenye mwanga. Charles Darwin alilieleza hilo mwaka 1842, na mwaka 1952 waliochimba katika atoli ya Enewetak, kule Pasifiki, walipita zaidi ya mita 1,200 za chokaa kabla ya kugusa jiwe la volkano. Maldives ina atoli 26 za namna hiyo zilizopangana kaskazini hadi kusini kwa zaidi ya kilomita 800, na visiwa vidogo vinavyokaribia 1,200, vingi vikiwa havina watu. Kwa mpiga mbizi maana yake ni kwamba upande wa nje wa pete mwamba unakatika na kushuka mamia ya mita. Diani mmezoea kuona mchanga chini yenu. Ukishuka kuliko ulivyokusudia, mchanga unakupokea. Huko nje hakuna cha kukupokea. Kina unakilinda wewe mwenyewe, kwa pumzi zako na kwa kuangalia kompyuta yako ya mkononi inayopima kina na muda.

Pete hiyo ina mapengo, na wenyeji huyaita kandu. Kwetu tungeyaita milango. Maji yote yanayoingia na kutoka ndani ya atoli yanapita humo. Mtu wa Mombasa akiona jedwali la maji ya Malé, mji mkuu wa Maldives, anaweza kujidanganya: kwetu siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kule ni kama mita moja tu. Atasema, basi mkondo utakuwa mdogo. Lakini kinachosukuma maji kule si kupwa na kujaa peke yake. Msimu wa kusi bahari nzima inaelekea mashariki, msimu wa kaskazi inarudi magharibi, na safu ile ndefu ya atoli imekaa katikati ya njia. Maji hayana pa kupita isipokuwa milangoni, kwa hiyo yanabanwa na kukimbia. Siku nyingine mkondo ni wa kuogelea nao kwa raha. Siku nyingine unang'oa miwani usoni ukigeuza kichwa upande.

Mkondo unapoingia, maji safi ya bahari kuu yanakuja na chakula, na papa hujipanga kwenye mdomo wa mlango, pale ukingo unapokatika kwenda kwenye kina. Wapiga mbizi hushuka haraka upande wa bahari kuu, wakasukumwa hadi ukingoni, wakajishikiza kwenye mwamba mfu kwa ndoano, wakaangalia. Ni mbizi tamu mno kwa aliye tayari. Sasa tazama hesabu yake. Ukingo huo mara nyingi uko mita 25 mpaka 30, nayo sheria ya Maldives inakataza mpiga mbizi wa starehe kuvuka mita 30. Cheti chenu cha kwanza kinaishia mita 18. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu akiwa juu anatumia kama lita 20 kwa dakika. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne, kwa hiyo anatumia 80. Toa akiba ya baa 50, ambayo ni lita 600, unabaki na dakika 22 hivi, na hapo hujahesabu hewa ya kupandia. Mwenye hofu anayepiga mapezi dhidi ya mkondo anaweza kumaliza hewa hiyo kwa nusu ya muda. Na mkondo ukigeuka ukawa wa kutoka, unakubeba kwenye bahari kuu, katika maji yaliyochafuka kwa mchanga wa lagooni, ukining'inia kwenye boya lako kungoja mashua ikuone.

Viongozi wazuri wa kule humtosa mtu mmoja kwanza aangalie mkondo kabla ya kundi kushuka, na wakiona haufai wanahama. Lakini katika kisiwa kilicho peke yake kusini, ambacho sifa yake ni milango, mbizi za kupumzikia ni chache, na wageni wengi wanaofika pale ni wazoefu. Mtajikuta ama mmebaki ufukweni huku mashua ikiondoka, ama mmeingizwa kwenye kundi lisilo lenu kwa sababu nafasi ilikuwepo. Hili la pili ndilo ninaloliogopa zaidi.

Nendeni atoli ya Baa, kaskazini-magharibi mwa Malé. UNESCO iliitangaza kuwa hifadhi ya maumbile hai mwaka 2011, na Agosti ndiyo katikati ya msimu wake mkubwa. Hapa ndipo Agosti inapokuwa mwezi wenu hasa. Msimu wa kusi mkondo unapovuka atoli, chakula kidogo kidogo kinachoelea majini, planktoni, kinarundikana upande wa mashariki. Maji ya upande huo yanakuwa na ukungu, picha hazitoki zimeng'aa, na ndiyo maana matangazo yanawahimiza watu waende Januari hadi Aprili. Lakini taa wakubwa, wale manta ambao bawa hadi bawa wanaweza kuvuka mita tatu, wanakula planktoni hiyo hiyo. Wanaifuata inakokwenda. Kaskazi wako magharibi, kusi wako mashariki.

Mashariki ya Baa kuna ghuba ndogo iitwayo Hanifaru, ambayo mwamba wake umejikunja kama mkono wa mtu anayekumbatia gunia. Maji yakijaa na mkondo ukipita kwa upande unaofaa, planktoni inaingia humo ikashindwa kutoka, na manta wanaingia kuila, siku nyingine wakiwa makumi kwa pamoja, wakizunguka kwa duara, midomo wazi. Papa potwe nao hupita mara mojamoja. Tangu mwaka 2012 mitungi imepigwa marufuku ndani ya ghuba. Watu wanaruhusiwa kuelea juu tu kwa miwani na bomba la kupumulia, wakiwa na kiongozi mwenye kibali, kwa dakika 45. Nakubaliana na marufuku hiyo moja kwa moja. Mapovu ya wapiga mbizi wengi mahali pembamba kama pale yalikuwa yakiwavuruga wanyama. Na kwenu nyinyi ni neema: tukio kubwa kuliko yote ya Agosti halihitaji cheti, halihitaji kina, wala halimwulizi mtu kuhusu pumu isipokuwa awe anajua kuogelea vizuri na ajue afya yake.

Jambo moja watu wa bara hawalijui, nanyi wa pwani mtalielewa mara moja: Hanifaru inajaa zaidi siku za bamvua. Kabla ya kuchagua tarehe, angalieni mwezi. Wiki inayobeba mwezi mwandamo au mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ina nafasi kubwa kuliko wiki ya maji mafu. Hakuna anayeweza kuwaahidi manta, anayeahidi msimwamini. Ila wiki mnaweza kuichagua.

Hata ndani ya Baa, visiwa vya hoteli havilingani. Acheni picha za vyumba, fungueni picha za setilaiti. Kisiwa chenye vyumba vingi juu ya maji, kikizungukwa na lagooni pana ya rangi ya samawati hafifu, kinapendeza sana kwenye tangazo, lakini rangi ile ina maana ya mchanga na kina cha kiunoni. Mwamba uko mbali na kila mbizi itadai mashua. Tafuteni kisiwa ambacho ule mstari wa rangi nzito, pale mwamba unapokatika, umekaribia ufuko, tuseme mita thelathini au hamsini. Huko mnavaa vifaa kituoni, mnatembea hadi gatini, mnashuka ukutani mita 8 au 12, mnageuka mtungi ukifika nusu, mnarudi kwa miguu. Mwamba wa nyumbani kama huo ndio mwalimu wa mpiga mbizi mpya. Mnazama asubuhi na alasiri bila haraka ya nahodha, mnaijua njia, na siku ya tatu mnaanza kuona pweza ambaye siku ya kwanza mlimpita. Ningeulizwa nichague kati ya chumba cha kifahari kisicho na mwamba na chumba cha kawaida chenye mwamba mlangoni, nisingefikiri mara mbili.

Kuna njia nyingine ya gharama ndogo ambayo Wakenya wengi hawaijui. Tangu mwaka 2009 serikali iliporuhusu nyumba za wageni kwenye visiwa vya wananchi, si lazima tena mgeni akae kwenye kisiwa cha hoteli. Dharavandhoo, katika Baa hiyohiyo, ina uwanja mdogo wa ndege, nyumba za wageni na vituo vya kuzamia, na Hanifaru iko karibu kwa mashua. Ni kisiwa cha watu, cha Waislamu, chenye adhana na watoto wanaokwenda chuoni. Mavazi ya kuogelea yana ufuko wake, pombe haipo. Mtu wa Mombasa hatajiona mgeni sana. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka kumi na kitu baadaye akawa kadhi Maldives. Njia hii ya bahari ni kongwe kuliko hoteli zote. Mnachokosa kwenye nyumba za wageni ni ule upweke ambao mumeo anautamani. Mkiutaka upweke, lipieni hoteli. Mkitaka mbizi nyingi kwa fedha ileile, fikirieni Dharavandhoo.

Sasa maswali ya kabla ya kulipa. Msiwaulize watu wa vyumba. Wao watajibu ndiyo kwa kila kitu. Kiandikieni kituo cha kuzamia cha kisiwa hicho moja kwa moja, mkisema kweli idadi ya mbizi zenu, kina kikubwa mlichofika, na mara ya mwisho mlipozama. Kisha waulizeni: Agosti, kwa watu kama sisi, mnatupeleka wapi, na maeneo hayo yana kina gani? Kiongozi mmoja anachukua wageni wangapi wenye cheti cha kwanza? Oksijeni iko kwenye kila mashua au iko kituoni tu? Kila mgeni anapewa boya la kuashiria na kompyuta, au ni kwa wachache? Mgonjwa wa kuzamia anapelekwa chumba gani cha shinikizo, kwa chombo gani, na usiku inakuwaje? Kituo kizuri kitajibu swali la mwisho bila kubabaika, kwa sababu kimeshalifikiria. Kikijibu kwamba jambo hilo halijawahi kutokea, hilo si jibu. Kikikwambia kwamba siku ya kwanza lazima mzame mbizi ya ukaguzi kwenye maji ya kina kifupi, mvue miwani na kuivaa tena, mrudishe kinywani kifaa cha kupumulia, furahini.

Natilia mkazo swali la chumba cha shinikizo kwa sababu ndicho kinachotofautisha kisiwa cha mbali na mahali pengine pote. Mtu akizama, naitrojeni iliyo kwenye hewa inaingia katika damu na nyama za mwili. Akipanda haraka au akikaa mno, inatoka kwa mapovu, na mapovu hayo yanaumiza viungo, ngozi, wakati mwingine uti wa mgongo. Tiba ya kwanza ni oksijeni tupu, mara moja. Tiba ya pili ni chumba cha shinikizo, na katika Maldives vyumba hivyo viko visiwa vichache tu, Bandos karibu na Malé kikiwa kimojawapo. Ndege zinazotua majini haziruki usiku. Mtu akiumwa jioni kwenye kisiwa cha mbali, anaweza kulala na oksijeni mpaka alfajiri. Kwa hiyo kule mbali kila uamuzi unapunguzwa kidogo: kina pungufu, muda pungufu, kupanda polepole zaidi, na zile dakika tatu za kusimama kwenye mita 5 kabla ya kutoka majini hazirukwi hata kama kompyuta imewaruhusu. Mkikaa ndani ya mita 18, mkazama mara mbili kwa siku na kunywa maji ya kutosha, hatari hii inashuka sana.

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi huacha nje kupiga mbizi, au hukilipia kina fulani tu. Someni maneno yenyewe. Mnahitaji inayotaja kuzamia kwa jina, matibabu ya chumba cha shinikizo, na usafiri wa dharura kutoka kisiwani. DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wapiga mbizi, una bima za namna hiyo na simu ya dharura inayojibiwa na wataalamu wa tiba ya kuzamia. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya usiku mmoja wa hoteli mnayoifikiria.

Nije kwenye pumu yako, dada, kwa kuwa umeitaja kwa maneno machache na huenda unatarajia niipite. Siipiti. Mpiga mbizi anavuta hewa yenye shinikizo la kina alichopo, na anapopanda hewa hiyo inatanuka. Kutoka mita 10 hadi juu inakuwa maradufu. Ikiwa njia za hewa zimebana na sehemu ya pafu imeziba, hewa inayotanuka humo haina pa kutokea, na pafu linaweza kupasuka hata kwenye kina cha bwawa la kuogelea. Hii ndiyo sababu ya lile swali la pumu kwenye fomu ya afya. Habari njema ni kwamba pumu ya utotoni iliyokwisha, bila dawa wala kukohoa usiku wala kubanwa ukikimbia, kwa wengi haiwi kizuizi. Lakini anayeamua hilo ni daktari, baada ya kupima nguvu ya pumzi kwa mashine, na ikibidi baada ya kukukimbiza kwanza. Uliijibuje fomu kule Diani, unajua mwenyewe. Safari hii ijibu kweli, na uende kwa daktari wa mapafu hapo Mombasa au Nairobi mapema, upate barua iliyotiwa saini. Ukifika kisiwani ukajibu "ndiyo" bila barua, kituo kitakunyima mtungi, na huenda daktari wa kukupima asiwepo. Kama kifua kinakubana hata mara moja kwa mwaka, au unatumia dawa ya kuvuta, daktari ajue hilo kabla ya yote. Na akisema usizame, Hanifaru bado ipo, na mwamba wa nyumbani unaonekana vizuri kutoka juu.

Msiache pia mpaka Agosti mkavaa mtungi baada ya miezi mingi. Kwetu bahari ya kuzamia ni ya kaskazi; kusi ikishakaza, maji ya Diani yanachafuka na vituo vingi hufunga. Kama masika hayajaingia, nendeni Shimoni mzame Kisite, ambako mkondo upo lakini ni wa kiasi, na mwombeni mwalimu awafundishe mambo mawili tu: kuelea na mkondo bila kupiga mapezi, na kurusha boya la kuashiria mkiwa mita 5. La pili lifanyeni mpaka mikono iwe inajua yenyewe. Hofu ya mkondo inapungua sana mtu akijua kwamba hatakiwi kushindana nao, na kwamba akipotea juu ataonekana. Kama msimu umeshapita, Unguja wanazama mwaka mzima kwa kuchagua upande uliokingwa na upepo.

Kuhusu matumbawe yenyewe, sitaki mwende na picha ya zamani kichwani. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa sana ya matumbawe ya maji mafupi ya Maldives, kama lilivyoiumiza miamba yetu ya Kenya. Mwaka 2016 likarudi, na mwaka 2024 tena. Kwenye mita tatu za kwanza mtaona sehemu ambazo ni mifupa tu iliyofunikwa na mwani. Shukeni hadi mita 10 au 15, nendeni kwenye zile thila, vilima vilivyozama ndani ya atoli ambavyo vinapata mkondo wa wastani, mtakuta uhai: matumbawe laini ya rangi ya machungwa chini ya vishubaka, changu kwa mamia, kasa, mkunga, kolekole wakiwinda juu yenu. Kuna thila nyingi ambazo vichwa vyake viko ndani ya kina chenu. Msiguse, msisimame juu ya mwamba kurekebisha miwani. Kipande cha ukubwa wa kiganja kimechukua miaka kukua, na hii ni miamba inayojaribu kupona.

Safari yenyewe nitaigusa haraka. Kutoka Kenya mtapitia Doha, Dubai au mji mwingine hadi Malé. Bebeni kadi ya njano, kwa kuwa Kenya imo katika nchi za homa ya manjano na mtaulizwa. Viza ya siku 30 mnapewa mkifika bila malipo, lakini fomu ya msafiri hujazwa mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya kusafiri. Kwa kuwa ndege za majini huruka mchana tu, tafuteni ndege inayotua Malé asubuhi. Mkitua jioni mtalala mjini kwa gharama yenu. Mzigo wa ndege ya majini kwa kawaida ni kilo 20 na 5 za mkononi, kwa hiyo bebeni miwani yenu na kompyuta kama mnayo, vingine kodini huko. Mkiuliza bei ya mbizi, ulizeni jumla: mashua, vifaa, huduma na kodi ya utalii huongezwa baadaye, na bei iliyotangazwa ikishajumlishwa na hivyo vyote hubadilika sana. Kuna pia kodi ya mazingira ya kila mtu kila usiku, ambayo hoteli hudai kivyake.

Mbizi ya mwisho iwe angalau saa 18 kabla ya kuruka, na mimi ningeweka 24. Hata kama ndege ya majini inaruka chini, siku hiyohiyo mnapanda ndege kubwa. Kama mnaondoka asubuhi ya Jumamosi, Ijumaa msishuke na mtungi. Hiyo ndiyo siku ya kuelea Hanifaru mara ya pili.

Mwambie mumeo papa wake hawajakimbia. Maldives ilipiga marufuku uvuvi wa papa mwaka 2010, na hata kwenye mwamba wa nyumbani wa Baa ataona papa wadogo wa mapezi meusi wakizunguka ufukoni, na pengine papa wa miambani wa mapezi meupe wamelala mchangani. Akiipenda kazi hii, achukue mafunzo ya ngazi ya pili, kina cha mita 30 na mbizi za mkondo, azame mpaka afike kama hamsini, nusu yake kwenye maji yanayotembea. Baada ya hapo milango ya kusini aende Januari au Februari, kaskazi ikiwa imetulia na maji ni meupe. Na ikiwa anachotaka hasa ni papa potwe, ajue kwamba kuanzia Oktoba hadi Februari wako Mafia, mbele ya Kilindoni, safari fupi na nafuu zaidi kutoka Mombasa.

Kwa sasa andikieni vituo viwili au vitatu vya Baa barua ileile, mlinganishe majibu. Amana msilipe mpaka majibu hayo yawe mkononi, na barua ya daktari wako pia. Na kama hoteli inadai fedha mapema, chukueni ile bei ya juu kidogo inayorudishwa mkighairi.